Bastola ya Buluu Haiui

Lori lilikuwa limekwisha pita geti la Chuo cha Walinzi, sanduku la bastola za mpira likirukaruka nyuma, na Koplo Kondo Mapembe akilifukuzia kwa viatu visivyofungwa kamba. Alikuwa mtu mnene, na mbio hazikuwa zake. Kilichomsaidia ni barabara. Katika nchi ile, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa yenyewe haipendi kutajwa, mashimo ya barabarani yalipewa majina ya mashujaa wa taifa, na kila dereva alitakiwa kupunguza mwendo na kuingia shimoni kwa heshima. Kwenye Shimo la Jenerali ndipo Kondo alipoushika mlango wa lori.

"Shusha sanduku, kaka," alisema, mkono mwingine ubavuni, mahali palipokuwa panachoma.

"Siwezi. Linakwenda Ikulu."

"Ikulu wanataka bastola za mpira za nini? Bastola ambayo ukimtupia mbwa ataitafuna."

"Ndiyo maana wanazitaka." Dereva alitazama huku na huku, ingawa porini pale palikuwa na ng'ombe tu. "Mtukufu Mlezi kaota ndoto. Kaota walinzi wake wamemgeukia. Kaamka asubuhi, kaamuru kila mlinzi anayesimama karibu naye abebe bastola isiyo na tundu. Wewe hukusikia."

"Sikusikia."

"Na mimi sikukuambia. Toa mkono, kaka, tunatoka shimoni."

Lori likatoka shimoni, likaenda zake. Kondo akabaki na vumbi, akafunga kamba za viatu, kwa kuwa sasa alikuwa na nafasi.

Ni vizuri ijulikane kwa nini mtu mzima ahangaike hivyo kwa ajili ya mpira. Kazi ya Kondo ilikuwa kulengwa. Pale chuoni palikuwa na darasa la kumfundisha mlinzi namna ya kuishika bastola yake isinyang'anywe, na namna ya kumnyang'anya mwenye nia mbaya. Mwalimu alikuwa Sajenti Siwema Mbelwa, mama wa makamo mwenye sauti ya kengele ya shule. Yeye alikuwa ndiye maneno, Kondo alikuwa ndiye kifua. Kwa hesabu ya darasa, Kondo alikwisha kufa mara nyingi kuliko kuku wote wa waganga wa nchi ile, na kila akifa aliamka, akajipangusa vumbi, akaenda kunywa chai. Aliamka kwa sababu moja tu. Bastola zile zilikuwa mpira mtupu, zimetiwa rangi ya buluu ili mtu asizikosee hata kwa mbali, na pale mbele, penye mdomo, hazikuwa na tundu. Kondo alimpenda mkewe, na ubwabwa wa nazi, na kule kutokuwepo kwa tundu. Ungemshtukiza ukamwambia avipange, angeanza na tundu.

Na matayarisho ya Siwema yalikuwa marefu kuliko darasa lenyewe. Bastola za kweli zilibaki ghalani, ng'ambo ya uwanja. Risasi haikuingia ukumbini, hata ile ambayo mtu ameivaa shingoni kama hirizi. Kila mtu alimpekua mwenzake, mwingine akaja akawapekua wote wawili, kisha Siwema akapita, na mwisho yeye mwenyewe alinyanyua mikono akapekuliwa na kuruta aliye mdogo kuliko wote. Ukienda kukojoa, ukirudi unapekuliwa upya. "Sijui huko chooni umeokota nini," alikuwa akisema. Hata ile ya mpira ilishikwa kama ya kweli, kidole mbali na triga. Na zaidi ya yote kulikuwa na neno. Neno lilikuwa "basi". Mtu yeyote akiona hatari akalitamka, ukumbi mzima unaganda: silaha chini, mikono juu, hatua nyuma, bila kuuliza nani kasema. Siwema aliwazoesha mpaka wengine wakilisikia mezani nyumbani kwao waliangusha kijiko.

"Humu ndani," aliwaambia, "cheo kinabaki nje pamoja na risasi."

Juu ya mlango aliandika kwa mkono wake: SILAHA HAIINGII HUMU ISIPOKUWA YA BULUU. Maneno hayo, ambayo yalikuwa mazuri, ndiyo yaliyoleta balaa.

*

Walinzi wa nchi ile walikuwa wakinyang'anywa bastola kama watoto wanavyonyang'anywa miwa. Mmoja alinyang'anywa na bibi harusi aliyetaka kunyamazisha tarumbeta. Mwingine alinyang'anywa na mtu aliyekuja kumuuliza saa, na saa hakuambiwa. Wezi wenyewe walianza kulalamika kwamba kazi haina heshima tena. Lakini serikali haikushtuka mpaka siku Mheshimiwa Lugwisha, Waziri wa Usalama wa Walio Salama, alipokwenda sokoni kuwasalimia wananchi. (Palikuwa na waziri mwingine wa wasio salama, ila huyo hakupewa gari.) Bibi kizee muuza dagaa alinyoosha mkono, akaichomoa bastola kiunoni kwa mlinzi wa Mheshimiwa, akaigeuzageuza kama anayepima samaki, akamrudishia.

"Shika vizuri, mwanangu," akamwambia. "Utapoteza cha watu."

Redio ilitangaza kwamba yule bibi alikuwa mtaalamu kutoka ng'ambo. Na Mheshimiwa akaamua kuifungua yeye mwenyewe awamu mpya ya darasa la Siwema, mbele ya televisheni, na kuwa wa kwanza kulenga.

Kondo aliporudi chuoni na vumbi lake, alimkuta mtu wa Wizara amekwisha fika. Jina lake halikujulikana. Wote walimwita Bwana Itifaki, na hata mkewe, ilisemekana, alimwita hivyo.

"Sajenti," alikuwa akimwambia Siwema, "bastola za mpira zimeitwa kwenye jukumu la juu zaidi."

"Hapo darasa hakuna."

"Darasa lipo. Mheshimiwa amekwisha nyoa."

"Amenyoa nini?"

"Ndevu. Kwa ajili ya televisheni. Mtu mkubwa akinyoa, Sajenti, hakuna kurudi nyuma." Bwana Itifaki aliinua macho, akasoma maandishi ya mlangoni, akayasoma tena, midomo ikicheza. "Hapa umeandika ya buluu. Hukuandika ya mpira."

"Kila mtu anajua ni ya mpira."

"Serikali si kila mtu," akasema Bwana Itifaki, akaenda zake amefurahi.

*

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Maandalizi Salama. Kamati haikulala. Ilileta mahema, ikaleta viti vyenye vitambaa, ikaleta fulana zenye picha ya Mheshimiwa akiwa na ndevu, ambazo zilirudishwa zikaletwa nyingine. Kwaya ilitungiwa wimbo wenye kiitikio "Bastola ya buluu haiui, ewe Mlezi twashukuru." Iliokwa keki yenye umbo la bastola, ndefu kama kitanda cha mtoto. Siwema aliomba gari la wagonjwa lisimame nje, kama alivyozoea kuomba. Gari likaja. Kamati ikagundua kwamba lina ubaridi mzuri, ikaweka keki ndani.

Kondo aliyaona yote hayo, akacheka alipotakiwa kucheka. Kicheko kilimwishia siku alipopita nyuma ya jiko akasikia harufu ya rangi. Fundi rangi alikuwa amekaa juu ya kopo lililopinduliwa, brashi mkononi. Mbele yake palifungwa kamba ya kuanikia nguo, na juu ya kamba, zimebanwa kwa vibanio kama soksi, zilining'inia bastola za buluu.

"Mjomba," Kondo akasema, "hizi zimetoka wapi?"

"Kwa wenyewe. Ile ya Nahodha. Hii ya Mkuu wa Mkoa. Ile ya mwisho pale ilikuwa ya dhahabu, ya Mheshimiwa mwenyewe. Nimeifunika dhahabu, roho ikaniuma."

"Zina risasi?"

"Mimi ni fundi rangi. Niliambiwa nipake, sikuambiwa nifungue."

"Kwani hakuna aliyezifungua?"

Fundi alimtazama Kondo kama anayemtazama mtu aliyevaa shati kinyume. "Ungefungua wewe? Bastola ya Mheshimiwa?"

Katika nchi ile, kufungua bastola ya mkubwa wako kulikuwa sawa na kumfungua suruali. Mwenyewe tu ndiye aliyeruhusiwa, na mwenyewe hakujua namna, na kuuliza kungeonyesha kwamba hajui. Kwa hiyo bastola za wakubwa wa nchi ile zilishiba tangu siku walizozawadiwa, na hakuna aliyejua zimeshiba nini.

Alisogea, akainama, akaitazama ile ya mwisho kwa ubavuni, kama mtu anavyochungulia chumba cha watu. Lilikuwepo. Jeusi, duara, dogo kama la sikio. Kondo alilitazama tundu, na tundu likamtazama Kondo.

*

"Utasimama mbele yake?" Siwema alimuuliza. Walikuwa jikoni, na nje ya darasa hakuwa Afande tena.

"Dada Siwema, mimi nina kifua kimoja."

"Nimekuuliza utasimama?"

"Wakiniamuru nitasimama. Miguu yangu imezoea. Kichwa ndicho kinachokataa."

Siwema akamaliza chai yake. "Haipiti bastola ile," akasema. "Nitakaa mlangoni."

Walikwenda kwanza kwa Bwana Itifaki, maana hata katika nchi ile watu walijaribu njia ya kawaida kabla ya kukata tamaa. Aliwasikiliza akiwa amesimama, ili wasikae.

"Mnaeneza hofu isiyoidhinishwa," akasema.

"Fungueni tu mtazame," Siwema akasema. "Kufumba na kufumbua. Kama ni tupu, nitaomba radhi mbele ya kwaya."

"Hakuna haja. Mheshimiwa atatoa tamko kwamba bastola ni tupu. Tamko likitoka, zitakuwa tupu."

"Na risasi zitasikia?" Kondo akauliza. Aliuliza kwa dhati kabisa, kwa kuwa maisha yake yalikuwa yanategemea jibu.

"Risasi ni mali ya serikali, Koplo," akajibu Bwana Itifaki. "Zinatii."

*

Siku ilipofika, wageni walimkuta Sajenti Siwema ameketi chini, juu ya mkeka, katikati ya mlango wa ukumbi, ameegemea mwimo mmoja na miguu ameinyoosha mpaka mwimo wa pili. Pembeni yake palikuwa na ndoo ya mchanga.

Hapo pana jambo la kuelezwa. Watu wa nchi ile walikuwa wanavunja sheria nyingi, nyingine kabla hazijatungwa, lakini hapakuwa na mtu aliyewahi kuiruka miguu ya mama mtu mzima aliyeketi. Aliyeiruka, walisema, aliruka tumbo la mama yake mwenyewe, na hakuna radhi iliyomfuata tena. Hata majambazi wakivunja nyumba wakakuta bibi amelala ukumbini, walizunguka uani. Ndilo jambo pekee ambalo nchi nzima ilikubaliana juu yake.

Makuruta walikuja mmoja mmoja. Siwema aliwapekua akiwa amekaa, wakipiga magoti mbele yake. Kondo akawapekua mara ya pili. Miguu ikakunjwa, wakapita, miguu ikanyooka. Kondo mwenyewe alipekuliwa, akaingia. Kisha wakaja wakubwa, na bastola za buluu viunoni, zikinuka rangi.

"Mimi unanipekua?" akauliza Nahodha.

"Wewe. Weka hicho kwenye ndoo, nyanyua makwapa."

"Sajenti, hii ni ya buluu. Si ndiyo sheria yako?"

"Hata mimi nikipakwa buluu, Nahodha, nitabaki mama yako. Nyanyua."

Nahodha akainyanyua mikono. Mkuu wa Mkoa alikataa, akarudi kukaa hemani, akasema tumbo linamsumbua, na wengi wakagundua kwamba nao matumbo yanawasumbua. Ndipo king'ora kikalia, kwaya ikaanza, na Mheshimiwa Lugwisha akashuka garini akiwa amenyoa, ana suti ya buluu ili aendane na siku, na bastola mkononi.

Alifika mlangoni akasimama. Kwaya ikanyamaza katikati ya kiitikio.

"Mama, kunja miguu."

"Nitakunja, baba. Weka hicho chombo kwenye ndoo, unyanyue mikono, nami nitakunja."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Ndiyo maana nataka nikupekue vizuri."

Mheshimiwa alitazama nyuma, akaona televisheni. Akatazama mbele, akaona miguu. Akainua kiatu kimoja. Watu wote uwanjani walivuta pumzi pamoja, na mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti ndogo, "Anaruka?" Kiatu kilikaa hewani. Mheshimiwa alikuwa na shahada nyingi, na mlinzi wa kufungua kila mlango, lakini alikuwa na mama vilevile. Kiatu kikarudi chini pale pale kilipotoka.

Bwana Itifaki ndiye aliyemwokoa. Alinong'ona kidogo, akakimbia, akarudi, na baada ya muda mfupi ikatangazwa kwa kipaza sauti kwamba dirisha la mashariki la ukumbi, kuanzia sasa, ni Mlango wa Heshima, na mlango wa zamani ni ukuta. Utepe ukahamishwa. Mheshimiwa akaukata utepe wa dirisha, akahutubia kidogo juu ya historia ya madirisha katika ukombozi wa nchi, kisha walinzi wake wakamnyanyua kama gunia la karanga, wakampitisha. Aliingia kichwa kwanza, bastola mbele. Miguu yake ndiyo iliyoingia mwisho, ikipigapiga. Mlinzi wake mmoja na mpiga picha wakafuata kwa dirisha hilo hilo.

Siwema hakuweza kuondoka mlangoni. Angeondoka, bastola zote za hemani zingeingia. Akageuza shingo tu, akamtafuta Kondo kwa macho.

*

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa akasema, alipokwisha kupanguswa. "Yapo mataifa ambayo bastola huamua zenyewe kama zina kitu au hazina. Sisi hatujafika huko, na chini ya Mtukufu Mlezi hatutafika. Kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba bastola hii ni tupu, ilikuwa tupu, na itaendelea kuwa tupu."

Wakampigia makofi. Ukutani nyuma ya jukwaa, picha kubwa ya Mtukufu Mlezi, yenye masharubu kama ufagio, ilitazama yote kwa upendo.

"Koplo, simama hapa."

Kondo akasimama pale. Miguu yake haikumuuliza. Mheshimiwa akanyoosha mkono, na mdomo wa bastola ukagusa kifungo cha tatu cha shati la Kondo. Fundi alikuwa amerudia kuipaka asubuhi ile ile ili ing'ae, na rangi haikuwa imekauka. Ilikuwa imemshika Mheshimiwa vidole kama asali. Kidole kimoja kilikuwa ndani, juu ya triga, mahali ambapo darasani hata anayeshika mpira haruhusiwi kukiweka.

"Nitahesabu," Mheshimiwa aliiambia televisheni, "kisha nitafyatua, wananchi wajionee utupu wake."

Tundu lilikuwa karibu kiasi kwamba Kondo alikuwa halioni tena. Alilihisi tu, duara dogo la baridi. Akamfikiria mkewe. Akafikiria ubwabwa. Mpangilio wake wa siku zote ukajipindua wenyewe, mkewe akaja juu. Akamwangalia Siwema kule mlangoni. Siwema hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Alimtazama tu kama anavyomtazama kuruta aliyeulizwa swali ambalo jibu lake amekwisha fundishwa.

Neno lile lilikuwa la mtu yeyote. Ndivyo walivyosomeshwa. Ila katika nchi ile hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia waziri neno hilo, wala mume wa dada yake waziri.

"Moja," akasema Mheshimiwa.

"Basi," akasema Kondo.

Hakulisema kwa nguvu. Lakini makuruta wote, ukumbi mzima, waliinua mikono na kurudi hatua nyuma, visigino vikigonga sakafu kwa pamoja. Nahodha, aliyepita darasa hilo zamani, aliinua yake. Mlinzi wa Mheshimiwa, naye mwanafunzi wa zamani wa Siwema, aliitoa bastola yake kiunoni, akailaza chini taratibu, akarudi nyuma, kisha ndipo akakumbuka kazi yake ni nini, na akawa amechelewa. Mpiga picha hakuwahi kusoma darasa lile, ila alipoona wote wameinua mikono naye akainua. Kamera ikaendelea yenyewe juu ya miguu yake mitatu. Akabaki Mheshimiwa peke yake, ameshika.

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Umesema nini?"

"Nimesema basi, Mheshimiwa."

"Lifute."

"Halifutiki. Weka chini."

"Koplo, wewe unaniambia mimi…" Akataka kumnyooshea Kondo kidole, maana bila kidole hakujua kufoka. Vidole vilikuwa vimenata. Akavuta. Kondo akaiona ngozi ya kile kidole ikikaza juu ya triga, na kichwa chake hakikuamua chochote. Kifua kilichokufa miaka yote kiliamua. Kiligeuka ubavu kama mlango unavyofunguka, kiganja kikasukuma mtutu pembeni, cha pili kikapinda mkono kwa nje, kama alivyowaonyesha makuruta wasio na idadi.

Mlio ulikuwa mkubwa sana kwa kitu kitupu.

Moshi ulipopungua, bastola ilikuwa mkononi mwa Kondo, na ngozi kidogo ya kidole cha Mheshimiwa ilikuwa kwenye bastola. Kondo alikuwa mzima. Mheshimiwa alikuwa mzima, amekaa sakafuni bila kuamriwa. Juu ukutani, Mtukufu Mlezi alikuwa na tundu katikati ya masharubu.

Kondo akageuzia mtutu kwenye ukuta mtupu, akachomoa magazini, akavuta mgongo wa bastola nyuma, ikaruka risasi moja nyingine, ikabiringika mpaka kwenye mkeka.

"Afande," akasema, "tazama."

"Rudia," akasema Siwema.

Akarudia. Akaingiza kidole cha mwisho ndani ya chemba kuhakikisha. Akaenda akaizika bastola kwenye ndoo ya mchanga. Ndipo Siwema akakunja miguu.

*

Tume ya uchunguzi ilikuwa na kazi ngumu, na ikaifanya vizuri. Kama bastola ilifyatuka, tamko la serikali lilikuwa la uongo, na Mheshimiwa alikuwa amempiga risasi Mtukufu Mlezi, jambo ambalo adhabu yake haikuwa ya kujadiliwa. Hivyo Tume ikathibitisha, kwa kusoma maandishi ya mlangoni, kwamba bastola ilikuwa ya buluu. Ya buluu ni ya mafunzo. Ya mafunzo haifyatuki. Mlio ulikuwa wa kwaya. Tundu la pichani lilikuwepo tangu picha ilipochorwa, na liliwekwa na mchoraji mzalendo ili Mtukufu apate hewa.

Likabaki neno la Kondo. Kama hapakuwa na risasi, alikuwa amemwambia waziri neno lile bila sababu.

"Tunataka kukusaidia," mwenyekiti wa Tume alimwambia. "Utie saini kwamba ilikuwa tupu, na kwamba neno lilikuponyoka. Utakuwa Sajenti. Huenda hata ukawa na nyumba."

"Yenye madirisha?" Kondo akauliza.

"Usitufanyie mzaha."

"Sifanyi, mzee. Ninyi nyote mlikuwa pembeni yake. Mimi ndiye niliyekuwa mbele." Alikuwa na hofu, lakini sauti ilikuwa ile ile aliyoombea chai. "Ilikuwa na tundu. Neno nililisema mimi, halikuniponyoka. Na wakileta nyingine yenye tundu, nitalisema tena."

Mwenyekiti akasubiri kidogo, kwa kuwa katika nchi ile watu walizoea kumalizia kwa kuomba radhi. Kondo alikuwa amemaliza.

*

Koplo Kondo Mapembe alifungwa katika Gereza la Maridhiano. Walinzi wa gereza walikuwa wamepita mikononi mwake wote, wakampa kitanda cha karibu na mlango. Alitolewa kwenye msamaha wa sikukuu, kwa makosa, badala ya mfungwa mwingine mnene. Anafuga bata. Mkewe anampikia ubwabwa siku za Ijumaa.

Sajenti Siwema aliachishwa kazi kwa kosa la kukaa chini wakati wa kwaya. Anafundisha sokoni, asubuhi kabla wateja hawajaja, wakitumia magunzi ya mahindi. Anawapekua wanafunzi wake hata hivyo. Bibi muuza dagaa ndiye anayesimama mahali pa Kondo.

Mheshimiwa Lugwisha alipelekwa balozi katika nchi ambayo nchi yake haina uhusiano nayo. Ncha ya kidole chake bado ni ya buluu.

Bwana Itifaki alipewa nishani. Fundi rangi alipewa kazi ya kuandika MLANGO WA HESHIMA juu ya dirisha. Gari la wagonjwa halikurudi, wala keki.

Picha ingali ukutani. Kuishusha kunahitaji mtu wa kwanza kusema kwa nini.

Picha za ile kamera iliyojiendesha yenyewe zilionekana nchi nzima kabla mtu hajawahi kuizima, kwa hiyo neno likapigwa marufuku. Watu wakalitii katazo. Sikukuu ya Mashujaa iliyofuata, Mtukufu Mlezi alihutubia uwanjani mpaka jua likapinda, naye alikuwa bado hajafika alipozaliwa. Hakuna aliyesema neno. Mtu mmoja nyuma kabisa akainua mikono, akarudi hatua nyuma. Wa pembeni yake akafanya hivyo. Ikaenda hivyo mpaka mbele, uwanja mzima, mikono juu. Walinzi wa Mtukufu, waliosomeshwa na Siwema, wakalaza bastola zao kwenye majani, wakarudi hatua nyuma, na waliokuwa karibu wakaona kwamba hazina tundu. Mbwa wa mtaani akaja, akachukua moja, akaenda kuitafuna kivulini.

Mtukufu Mlezi bado yupo. Hotuba zake siku hizi ni fupi.